'Husababisha', 'Hatari' na 'Kinga': Maneno Madogo katika Habari za Utafiti wa Tiba

Katika muda wa miaka michache iliyopita meza yetu ya istilahi imepokea makala, vijitabu na matangazo mengi yanayohusu utafiti wa tiba. Baadhi yaliletwa ili yasahihishwe kabla ya kupigwa chapa. Mengine yaliletwa na wasomaji ambao hawakuridhika nayo yalipokwisha kuchapishwa. Tumeyasoma yote kwa makini. Tulitegemea kwamba shida kubwa ingekuwa uhaba wa majina ya magonjwa, ya viungo na ya dawa. Kwa kweli jambo hilo halikutusumbua sana. Wafasiri wetu wamejifunza kutohoa, na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003 imewapa wengi mahali pa kuanzia. Kasoro tuliyoikuta imo katika maneno ambayo kila mtu anadhani anayajua: husababisha, hatari, kinga, asilimia. Maneno haya hayatafutwi kamusini, na kwa sababu hiyo hayachunguzwi. Mfasiri hutoka jasho juu ya jina la kimeng'enya kimoja kwa siku nzima, kisha huandika 'husababisha' bila ya kuinua kichwa.

Tuanze na kitenzi hicho. Mwezi Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kuwa nyama iliyosindikwa imeingizwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Nyama hiyo ni kama vile soseji na nyama nyinginezo zilizotiwa chumvi, moshi au dawa ili zisiharibike, na saratani iliyotajwa hasa ni ile ya utumbo mpana. Katika rasimu zilizotufikia habari hiyo ilichukua mara kwa mara sura ya sentensi moja fupi: nyama ya kusindikwa husababisha saratani.

Kwa sarufi sentensi hiyo haina kosa. Lakini tutazame kiambishi hu-. Ndicho tunachokitumia tunaposema kwamba jua huchomoza mashariki na ng'ombe hula majani. Kinatoa kanuni, hakitoi makadirio. Ni kweli kwamba katika mambo tuliyoyazoea kiambishi hiki huvumilia kasoro. Tukisema mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, kila mkulima anajua kwamba ipo miaka ambayo mvua hizo hazikuja, wala hatuiti sentensi yetu uongo; maarifa yake mwenyewe yamekwisha kuipunguza nguvu. Katika jambo geni, ambalo msikilizaji hana maarifa nalo, hakuna kitu cha kuipunguza nguvu. Yeye huichukua hu- kama ilivyo, na matokeo ni moja katika mawili. Ama ataogopa kupita kiasi, ama atamkumbuka jirani yake aliyekula soseji kila asubuhi akafika miaka themanini, na hapo habari yote itaanguka. Na mtu aliyekwisha kuamini kwamba tumemdanganya katika soseji hatatusikiliza tutakapozungumza juu ya tumbaku.

Mfasiri mmoja, kwa nia njema kabisa, aliandika 'daraja la kwanza' mahali pa 'kundi la kwanza'. Hakuna mtu aliyepitia shule zetu asiyejua maana ya daraja la kwanza. Ni la waliofaulu kupita wengine wote. Kwa hiyo soseji ikawa imefaulu kuua sawasawa na moshi wa tumbaku na asbesto, ambavyo navyo vimo katika kundi hilo hilo. Ilhali makundi ya Shirika lile hayapimi wingi wa madhara. Yanapima uzito wa ushahidi. Kitu kikiwa katika kundi la kwanza, maana yake ni kwamba ushahidi wa kuwa kinaweza kuleta saratani umetosha. Ni watu wangapi wataugua kwa ajili yake ni swali jingine kabisa. Tungependa wafasiri waandike 'kundi la ushahidi uliotosha', hata kama jina hilo ni refu.

Swali hilo jingine ndilo linalotuleta kwenye hatari. Shirika lilikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa kiasi cha asilimia 18. (Msomaji ataona kwamba hapa nasi tumetumia hu-. Tumeitumia kwa kuwa kinachofuata ni 'uwezekano', na kanuni juu ya uwezekano si kanuni juu ya mtu.) Rasimu zilizotufikia zilisema: hatari ya saratani inaongezeka kwa asilimia 18.

Katika Kiswahili hatari ni neno la kupiga kelele. Limeandikwa juu ya nguzo za umeme pamoja na picha ya fuvu. Hatari huwa kubwa au ndogo, huja au hupita, lakini haigawanyiki katika mia. Mtu akisikia 'asilimia 18' ikitajwa karibu na 'hatari', akili yake hutafuta kitu kinachohesabika, na kilicho karibu kuhesabika ni watu. Tulipowauliza walimu fulani katika semina, wengi wao walijibu kwamba katika kila walaji 100 wa soseji, 18 wataugua saratani. Walikuwa walimu, tena wengine wa hisabati. Kosa halikuwa lao.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme katika nchi fulani watu 6 katika kila 100 hupata ugonjwa huo katika maisha yao. Asilimia 18 ya sita ni kama mtu mmoja. Basi wakila gramu 50 kila siku, badala ya watu 6 katika 100 wataugua watu 7. Hilo si jambo la kudharauliwa, hasa kwa taifa zima, lakini ni mbali sana na watu 18. Sentensi inayosema 'kutoka watu sita kwa mia hadi watu saba kwa mia' inaeleweka na karani, na mpishi, na daktari. Wazee wetu walisema 'kwa mia' kabla 'asilimia' haijaenea maofisini, na hatuoni sababu ya kuacha usemi ambao unamlazimisha mwandishi aonyeshe hiyo mia ni ya nani. Hapo ndipo tunapodai zaidi. Mfasiri asiandike asilimia yoyote ya ongezeko bila ya kuandika pia ni watu wangapi kwa mia, au kwa elfu, walikuwa wakiugua kabla ya ongezeko hilo. Kama matini ya asili haikutaja idadi hiyo, mfasiri na aitafute kwa mtaalamu. Na isipopatikana, basi asilimia hiyo isipewe nafasi katika kichwa cha habari.

Kutokana na hatari limezaliwa neno 'kihatarishi', ambalo sasa limeenea sana katika hati za serikali. Kwa muundo wake ni neno zuri, ndugu wa kisababishi, wala hatukusudii kuliondoa. Lakini limepewa kazi mbili. Wahasibu na wakaguzi husema 'usimamizi wa vihatarishi' wakiwa na maana ya mambo mabaya yanayoweza kutokea. Watu wa afya husema 'vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza' wakiwa na maana ya mambo yanayoongeza uwezekano wa kuugua, kama vile tumbaku, unene uliozidi na chumvi nyingi. Mtumishi anayehamishwa kutoka idara moja kwenda nyingine hukuta neno lake limebadilika maana njiani.

Hilo lingevumilika. Lililo zito zaidi tulilijua kwa aibu yetu wenyewe. Kijitabu kimoja juu ya saratani ya matiti kilipita mezani petu, nasi tukakikubali, kikiwa na orodha yenye kichwa 'Vihatarishi', na katika orodha hiyo jambo la kwanza lilikuwa 'kuwa mwanamke'. Baadaye muuguzi mmoja alitueleza jinsi alivyokisoma mbele ya kina mama waliokuja kliniki. Bibi mmoja alimkatiza akamwuliza: "Mjukuu wangu, kuzaliwa mwanamke nimemhatarisha nani?" Wenzake wakacheka. Muuguzi hakucheka, kwa kuwa aliona kwamba tangu hapo bibi yule hakusikiliza tena, na yaliyofuata katika kijitabu, yaani dalili za kuchunguza na siku za kufika hospitali, ndiyo aliyoyafuata kliniki.

Bibi yule alisoma sarufi kuliko sisi. Kitenzi kuhatarisha kinamtaka mtendaji, na mtendaji huleta lawama. Mtu anayevuta sigara anaihatarisha afya yake. Hapo lawama, ikiwa ipo, ina mahali pa kukaa. Lakini umri haumhatarishi mtu, wala jinsia, wala kuwa na mama aliyeugua. Hizo ni hali ambazo zimewafahamisha watafiti kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji kuangaliwa mapema. Kwa sasa tunapendekeza kwamba 'kihatarishi' kibakizwe kwa mambo yanayoweza kuachwa au kupunguzwa, na kwamba hali zisizobadilika ziitwe 'viashiria'. Tunajua kwamba kiashiria nacho kina kazi nyingine katika takwimu na katika mipango ya maendeleo. Hata hivyo kosa la kumfanya msomaji afikirie takwimu ni dogo kuliko kosa la kumfanya ajione mkosaji kwa kuzaliwa.

Turudi kwenye sababu, kwani kuna uchunguzi mmoja wa karibuni ambao umetufundisha kwamba neno hilo peke yake halitoshi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya ulioonekana kwa watoto wa Uganda, ambao leo unajulikana kwa jina lake. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na humo mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakuta virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Virusi hivyo, vinavyoitwa vya Epstein-Barr, vimo katika miili ya watu wazima walio wengi mno duniani, zaidi ya tisa katika kila kumi, na wengi hawana habari navyo. Mbona basi uvimbe huo si wa kila mtu? Ulionekana hasa katika nchi zenye malaria nyingi, na inaaminika kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara inavisaidia virusi kufanya kazi hiyo.

Kisha mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya virusi hivyo hivyo na ugonjwa mwingine, maltipo sklerosisi, ambao kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Walitumia kumbukumbu na damu zilizohifadhiwa za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Waliona kwamba baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr uwezekano wake wa kupata ugonjwa huo uliongezeka mara 32, na kwamba ilikuwa nadra sana ugonjwa kutokea kwa mtu asiyekuwa navyo.

Je, mfasiri aandike kwamba virusi hivi 'husababisha' maltipo sklerosisi? Akiandika hivyo, tisa katika kila kumi ya wasomaji wake wajihesabu wagonjwa. Aandike kwamba 'vinahusiana' na ugonjwa? Hapo atakuwa amesema kidogo mno, kwa kuwa hata idadi ya majogoo na idadi ya mapambazuko zinahusiana. Kiswahili kina neno ambalo limesahauliwa katika habari za tiba, nalo ni 'sharti'. Mahindi hayaoti pasipo maji, lakini maji peke yake hayafanyi shamba. Kwa kadiri tunavyouelewa uchunguzi ule, virusi ni sharti la ugonjwa, au karibu na sharti; havitoshi peke yake. Kwa uvimbe wa Burkitt tungesema kwamba virusi vina sehemu kubwa na malaria inachangia. Wengine wametutaka tuunde nomino kutokana na kuchangia. Hatuoni haja. Si kila kitenzi lazima kizae nomino ndipo kiheshimiwe, na 'malaria inachangia' ni maneno mawili yanayotosha.

Kama tungeruhusiwa kulishitaki neno moja tu, tungelishitaki 'kinga'. Neno hili lina maana ya nguvu ya mwili ya kujilinda. Lina maana pia ya hatua zozote za kuepuka ugonjwa, na katika mazungumzo ya mitaani mtu akiambiwa 'tumia kinga' anajua kwamba anaambiwa habari za kondomu. Tena limo ndani ya jina la ugonjwa wenyewe, UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya majaribio ya dawa iitwayo lenakapaviri, yaliyofanywa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Katika 2,134 waliochomwa sindano ya dawa hiyo mara moja kila miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU, ilhali katika waliopewa vidonge vya kumeza kila siku waliambukizwa 55. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ni habari ya furaha, na inastahili kusemwa vizuri.

Tumeiona ikisemwa kwa namna tatu: chanjo ya UKIMWI, sindano ya kinga ya UKIMWI, na dawa inayotibu UKIMWI. La tatu ni kosa tupu. La kwanza ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa sababu lina sura ya ukweli. Chanjo imetoka katika kuchanja. Ni kazi ya kuufundisha mwili umtambue adui, na mwili ukishafunzwa hukumbuka kwa muda mrefu. Lenakapaviri haiufundishi mwili kitu. Ni dawa iliyowekwa chini ya ngozi, inayotoka kidogo kidogo, na ikiisha imekwisha. Msichana aliyeambiwa kwamba amechanjwa hana sababu ya kurudi baada ya miezi sita. Aliyeambiwa kwamba ametiwa dawa itakayoisha mwezi fulani atarudi, na atapimwa tena kabla ya kuchomwa sindano nyingine kama inavyotakiwa. Wahudumu wa afya wa Tanzania wamekwisha kutumia 'dawa kinga' kwa vidonge vya kazi hiyo hiyo. Hilo ndilo jina, na litumike pia kwa sindano: 'dawa kinga ya VVU ya miezi sita'. Muda uwe sehemu ya jina, usiachwe katika maelezo ya chini.

Kwa chanjo za malaria, ambazo ni chanjo hasa, shida ni ile ile ya asilimia. Chanjo ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Vituo vya Kilifi na Bagamoyo vilikuwamo. Rasimu tuliyoletewa ilisema kwamba 'inazuia malaria kwa asilimia 75'. Mama aliyesikia hivyo huelewa kwamba watoto 75 katika 100 hawataugua tena, na anaomba wake awe miongoni mwao. Matokeo yalisema jambo jingine. Katika miezi 12 ya kwanza, mahali ambapo malaria huja kwa msimu na chanjo ikatolewa kabla ya msimu, malaria kwa waliochanjwa ilipungua kwa asilimia 75 ikilinganishwa na wasiochanjwa. Katika vituo vingine, Kilifi na Bagamoyo vikiwamo, ilipungua kwa asilimia 68. Hakuna mtoto aliyeahidiwa kwamba hataugua tena, na chandarua kimebaki pale pale juu ya kitanda. Kitenzi 'kupunguza' kingetosha kuyasema hayo yote. 'Kuzuia' kimefunga mlango ambao watafiti waliuacha wazi.

Isidhaniwe kwamba kila tulilolikuta ni la kulaumiwa. Lipo jambo ambalo Kiswahili chetu kinalifanya vizuri ajabu, nalo ni kutenga kutibu na kuponya. Mganga hutibu, mgonjwa hupona, na kila mtoto anajua kwamba mtu anaweza kutibiwa miaka mingi asipone. Na yule aliyeita dawa za VVU 'dawa za kufubaza virusi', ambaye jina lake hatulijui, anastahili shukrani za wafasiri wote. Kitu kilichofubaa hakijatoka. Kimepungua ukali, na kinaweza kuurudia kikiachwa. Neno hilo limebeba maelezo ya kliniki nzima: kwamba dawa inafanya kazi, kwamba virusi vingalimo, na kwamba vidonge visikatizwe. Halikutoholewa wala halikuundwa kwa viambishi. Mtu alitazama kitambaa kilichopauka akaona kwamba linafaa.

Mapendekezo yaliyomo humu yatapelekwa katika kikao kijacho cha kamati ya istilahi. Juu ya 'sharti', 'dawa kinga' na 'watu kwa mia' hatuna wasiwasi mkubwa. Juu ya 'kiashiria' tunao, na tungewaomba wauguzi na walimu wa afya watuandikie kwa maneno gani wanalieleza jambo hilo wanapokuwa mbele ya wagonjwa. Kile kijitabu cha saratani ya matiti kinasubiri kupigwa chapa mara ya pili, na mahali pa kichwa cha orodha ile pangali patupu.